Namuwongo: Jinsi setilaiti zinavyofuatilia uoto wa ardhioevu ya Nakivubo

Chini ya kilima cha Muyenga, jijini Kampala, nyumba za Namuwongo zimesongamana kandokando ya reli na mfereji wa Nakivubo. Mbele yake imetanda ardhioevu yenye mafunjo, magimbi na miwa, inayoshuka hadi ghuba ya Murchison katika Ziwa Victoria. Mabadiliko ya uoto huo hufuatiliwa pia kutoka angani.

Kwa nini ardhioevu hiyo ni muhimu?

Mfereji wa Nakivubo hubeba maji ya mvua na majitaka kutoka katikati ya jiji, pamoja na maji yanayotoka katika mtambo wa kusafisha majitaka wa Bugolobi. Mafunjo hupunguza kasi ya maji hayo, hunasa tope na kufyonza naitrojeni na fosforasi kabla hayajafika ziwani. Kilomita chache kutoka hapo, huko Gaba, Shirika la Taifa la Maji na Majitaka huchota maji ya kunywa ya wakazi wa Kampala. Ardhioevu inapodhoofika, gharama ya kuyasafisha hupanda.

Kwa upande mwingine, kwa familia nyingi za kipato cha chini, bustani za magimbi na miwa ni chakula na fedha ya matumizi.

Setilaiti huona nini?

Jani lenye afya hufyonza mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, na hurudisha kwa wingi mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Kwa kulinganisha miali hiyo miwili, wataalamu hupata kipimo cha ukijani kiitwacho NDVI, chenye thamani kati ya -1 na 1. Maji huwa chini ya sifuri, udongo mtupu na mabati huwa karibu na sifuri, na uoto mnene hukaribia 1.

Kipimo hicho hicho hutumiwa na wakulima wa zabibu katika nchi kama Ufaransa ili kujua sehemu ya shamba ambayo mizabibu yake imedumaa.

Picha za setilaiti za Landsat za Marekani, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 1972, zilianza kutolewa bila malipo mwaka 2008. Setilaiti za Ulaya za Sentinel-2, zilizoanza kurushwa mwaka 2015, hupita juu ya eneo moja takriban kila baada ya siku 5, na nukta moja ya picha zake huwakilisha mita 10 kwa 10.

Mipaka ya picha

Katika misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, mawingu huifunika Kampala. Hapo husaidia rada ya Sentinel-1, ambayo mawimbi yake hupenya mawingu.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba ukijani si lazima uwe afya ya ardhioevu. Gimbi lililostawi linaweza kuonekana la kijani sawa na mafunjo, ilhali mitaro ya bustani huyapitisha maji haraka bila kuchujwa na mizizi. Bustani ndogo kuliko nukta moja huchanganyika na ya jirani, kama safu za mizabibu zinavyochanganyika na udongo ulio kati yake. Ndiyo maana kila ramani huhitaji kuhakikiwa kwa miguu, na wenyeji ndio wanaojua nini kilipandwa wapi.

Uhakiki huo una uzito wa kisheria. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inaikabidhi serikali ardhioevu kuzitunza kwa niaba ya wananchi. Mfululizo wa picha unaweza kuonyesha bustani au nyumba ilianza kuonekana mwaka gani, na hivyo kuwa ushahidi mkononi mwa mamlaka inayotaka kuwaondoa watu. Kwa kuwa picha hizo ziko wazi kwa kila mtu, wakazi nao wanaweza kuzitumia kuonyesha kwamba viwanda na majengo makubwa pia vimeimega ardhioevu hiyo.