Lugha za Ibada katika Jengo Moja la Spitalfields, London

Katika pembe ya Brick Lane na Fournier Street, mtaani Spitalfields, lipo jengo la matofali la mwaka 1743. Waasisi wake walikuwa Wahugenoti, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, ambao wazee wao waliikimbia nchi baada ya Mfalme Louis wa 14 kuifuta Amri ya Nantes mwaka 1685. Wengi wao mtaani humo walikuwa wafumaji wa hariri, na ibada yao ilikuwa kwa Kifaransa.

Umbo la jengo lilifuata imani hiyo. Wafuasi wa Calvin hawakutaka sanamu. Walitaka mahali pa kulisikiliza Neno. Kwa hiyo walijenga ukumbi mmoja mpana, wenye madirisha ya matao na roshani. Juu ukutani waliweka saa ya jua yenye maneno ya Kilatini yanayomkumbusha mwanadamu kwamba yeye ni kivuli tu.

Vizazi vilivyofuata vilikipokea Kiingereza, na usharika wa Kifaransa ukafifia. Mwaka 1809 jengo lilikodiwa na chama kilichokusudia kuwageuza Wayahudi kuwa Wakristo; mwaka 1819 likawa la Wamethodisti. Mwaka 1898 Wayahudi waliotoka Ulaya ya Mashariki walilifanya sinagogi, wakasali kwa Kiebrania na kuzungumza Kiyidishi. Hivyo pale walipoitwa Wayahudi waiache dini yao, pakawa ngome ya dini hiyo hiyo. Nao walipohamia vitongoji vingine, Waislamu wa Kibengali, wengi wao wenyeji wa Sylhet, walilifanya msikiti mwaka 1976. Ukumbi usio na sanamu haukuwa na mengi ya kuondolewa.

Hata hivyo, isidhaniwe kwamba historia hii ni ya ukarimu mtupu. Mwaka 1905 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia wageni, iliyowalenga hasa Wayahudi hao. Mwaka 1978 kijana Mbengali, Altab Ali, aliuawa karibu na mtaa huo kwa chuki ya rangi. Kuta zilimpokea kila mgeni kwa wepesi. Jirani aliyetangulia hakufanya hivyo daima. Naye mtafiti wa lugha ana funzo hapa: jengo hudumu kwa kubadilishwa matumizi, bali lugha ya ibada hudumu pale tu watoto wanapoirithi.