Katuni Iliyolikabili Jeshi

Wapo wanaosema katuni ni mambo ya watoto. Hao leo naomba wavute kiti, tuzungumze nao kidogo.

Desemba 1954 lilitoka Marekani toleo la 26 la jarida la katuni liitwalo Weird Science-Fantasy. Mwaka huo wenye katuni walikuwa na hali ngumu kwelikweli. Aprili, William Gaines, mwenye kampuni ya EC, alihojiwa na kamati ya Seneti iliyokuwa ikichunguza kama katuni zinawaharibu vijana. Mwingine angenywea. Mhariri wake, Al Feldstein, akaamua kuligeukia Jeshi la Anga!

Toleo zima alilijaza habari za mianga na visahani vinavyoruka, akisaidiwa na Donald Keyhoe, meja mstaafu. Jalada likatangaza waziwazi kwamba EC inalikabili Jeshi. Ndani, ndugu msomaji, usitafute dudu lenye macho matatu. Utakuta taarifa: Kenneth Arnold, rubani, aliyeona vitu tisa viking'aa karibu na Mlima Rainier, tarehe 24 Juni 1947, Kapteni Thomas Mantell, aliyekufa ndege yake ilipoanguka Kentucky, tarehe 7 Januari 1948, akikifukuza kitu angani. Jina, tarehe, mahali. Kisha swali: mbona hatuambiwi?

Je, walikuwa wageni wa sayari nyingine? Wapi! Hakuna aliyethibitisha mpaka leo. Kuhusu Mantell, wengi wanaona alilifukuza puto kubwa la uchunguzi la Jeshi la Majini, ambalo lilikuwa siri. Na mwaka 1997 mwanahistoria Gerald Haines aliandika katika jarida la CIA kwamba ripoti nyingi za mwishoni mwa miaka ya 1950 na za miaka ya 1960 zilitokana na ndege za kijasusi kama U-2, na kwamba Jeshi la Anga liliwapa wananchi maelezo ya kupotosha ili kuzificha.

Kumbe siri ilikuwepo, ila ya hapahapa duniani. Feldstein alielekeza kidole mbinguni, lakini swali lake lilikuwa na mashiko.

Mimi hilo ndilo linalonigusa. Watu waliokuwa wakiitwa waharibifu wa watoto walithubutu kuwauliza wakubwa, tena kwa senti kumi tu nakala moja. Sisi wenye kalamu changa tunaambiwa kila siku tungoje tukue. Tusingoje, jamani. Tuulize, na tuandike tarehe.