Kijiweni: Miaka ya Kwanza ya Studio Iliyochukua Jina la Jiwe

Anayeingia Singida kwa basi kutoka Dodoma huanza kuyaona mawe kabla hajauona mji. Mengine ni makubwa kuliko nyumba, mengine yamepandana kama ng'ombe waliobanana zizini, na chini ya jiwe lenye kivuli hukosi watu wawili watatu wamekaa. Wanasubiri gari, wanauza vitunguu, au wanazungumza tu. Kwa hiyo niliposikia kwamba Dar es Salaam kuna kampuni ya filamu inayoitwa Kijiweni Productions, sikuhitaji kufafanuliwa jina. Kijiwe ni jiwe dogo, na kijiweni ni pale mtu anapokaa bila kualikwa na kuondoka bila kuaga.

Jina lenyewe lina uchokozi. "Kutwa kijiweni!" ni kauli ya mzazi kwa kijana asiye na kazi, tena hutamkwa kwa mdomo uliopinda. Mtu akilichukua neno hilo akaliandika mwanzoni mwa filamu zake, anamjibu mzazi huyo. Anamwambia kwamba pale anapopaona pa wazembe ndipo habari za nchi zinapochambuliwa, kuanzia bei ya mafuta ya alizeti hadi Simba na Yanga, hadi diwani aliyeahidi kisima akapotea.

Zaidi ya miaka kumi imepita tangu kampuni hiyo itoe filamu yake ya kwanza, Shoeshine, mwaka 2013. Ili kuelewa kwa nini kuanza kwake kulikuwa ukaidi, inafaa kukumbuka soko lilivyokuwa wakati ule.

Serikali ilikuwa na chombo chake cha filamu tangu 1968, Kampuni ya Filamu Tanzania, lakini kilififia, na majumba ya sinema mikoani yakageuka maghala na makanisa. Kilichokuja baadaye ni biashara ya watu binafsi. Mwaka 2003 filamu ya Girlfriend, iliyoongozwa na George Tyson, ilionyesha kwamba Watanzania wako tayari kulipa ili wajione wenyewe. Kutoka hapo Bongo Movie ikaota kama uyoga. Mwigizaji Steven Kanumba, mtoto wa Shinyanga, jirani zetu hapa, akawa jina la kila nyumba. Filamu zilipigwa kwa siku chache, zikakatwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili ili mnunuzi alipe mara mbili, zikatoka Kariakoo zikiwa diski ndani ya kava la rangi kali, zikapakiwa kwenye mabasi.

Singida tulizipokea hivyo, pamoja na vipuri vya pikipiki na mitumba. Aliyekuwa na deki nyumbani alinunua diski au akaazima kwa jirani. Asiyekuwa nayo alikwenda kibanda umiza: mabati, mabenchi ya mbao, televisheni moja juu ya meza, joto la kuivisha ndizi, na kiingilio cha sarafu. Siku za filamu za nje sauti ya DJ anayetafsiri ilizidi ya waigizaji, naye alitia chumvi kiasi kwamba ukija kuiona filamu ileile bila yeye unahisi umepunjwa.

Kanumba alifariki Aprili 2012, na watu wakafurika Leaders Club kumuaga. Wengi walidhani soko limekufa naye. Halikufa, ila lilikuwa limeshachoka. Warudufu wa diski walikula faida, wasambazaji wachache walishika bei, na msanii aliuza kazi yake jumla kwa malipo ya mara moja, kisha akabaki kutazama wengine wakiivuna. Ndipo Kijiweni ikaingia kwa kukataa mambo mawili kwa mpigo: haraka ya Bongo Movie, na pesa ya Kariakoo.

Mwanzilishi wake ni Amil Shivji, aliyesomea filamu Chuo Kikuu cha York, Toronto. Ni mtoto wa Profesa Issa Shivji, mwanasheria ambaye kwa miongo mingi amewafundisha Watanzania kuuliza ardhi ni ya nani na sheria inamlinda nani. Sipendi tabia ya kumweleza mtoto kwa baba yake, lakini hapa siwezi kukwepa: maswali ni yaleyale, yamehama tu kutoka ubao wa darasani kwenda kwenye kioo.

Shoeshine ni filamu fupi ya mng'arisha viatu wa Dar es Salaam. Samaki Mchangani ikafuata mwaka 2014, nayo fupi. Zilizunguka matamasha ya nje na kurudi na sifa. Kibanda umiza hakikuziona, maana filamu fupi haina mahali pa kukaa katika biashara ile. Aliyelipa sarafu yake anataka saa mbili za kilio na ngumi, dakika ishirini na kitu ataziona kama trela. Kwa mtazamo wa muuza diski, kampuni hii ilikuwa imeanza biashara kwa kutengeneza kitu kisichouzika.

Filamu ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa fundisho kubwa la miaka ile, ingawa hutajwa kidogo. Aisha, ya mwaka 2015, iliongozwa na Chande Omar, na Kijiweni iliitengeneza pamoja na UZIKWASA, shirika lenye makao Pangani na lenye redio yake, Pangani FM. Godliver Gordian anaigiza mwanamke anayerudi kwao kwa ajili ya harusi ya mdogo wake, anabakwa, kisha anakuta mji mzima unamtaka anyamaze ili heshima za watu zisivunjike. Hadithi hiyo haikuhitaji kupelekwa ng'ambo ili ieleweke. Ilikuwa imetoka kwa watu, ikatengenezwa mlangoni kwao, na lugha yake ni ya mtaani kwao. Ukimwonyesha mama wa Ikungi au Mkalama, ataanza kukutajia majina ya wale anaowajua kabla filamu haijafika katikati.

Mwaka 2017 ikaja T-Junction, filamu ndefu ya kwanza ya Shivji mwenyewe kama mwongozaji, nayo ikafungua Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, ZIFF, lilipotimiza awamu ya ishirini. Fatima amefiwa na baba ambaye hakuwa karibu naye, na machozi hayaji. Hospitali anakutana na Maria, mgonjwa mwenye hadithi, na kila wakikutana Maria anamsimulia kipande cha maisha ya wachuuzi wa njia panda, watu waliofanya kona ya barabara kuwa ukoo. Kwa maneno mengine ni filamu kuhusu kijiwe, na kuhusu jinsi kijiwe kinavyovunjwa na wenye nguvu asubuhi moja huku wapita njia wakiendelea na safari. Usimulizi wenyewe umejengwa kama wa bibi na wajukuu: leo kidogo, kesho tutaendelea. Magdalena Christopher katika nafasi ya Maria anakufanya usubiri kesho hiyo.

Nina ugomvi mmoja na Kijiweni. Shoeshine, T-Junction: kwa nini studio yenye jina zuri namna ile iwape watoto wake majina ya Kiingereza? Najua Girlfriend ilitangulia, na Kanumba naye alikuwa na Oprah na This Is It. Lakini "Njia Panda" ilikuwa imelala palepale, haina mwenyewe.

Jina la kazi kubwa kuliko zote halikuwa na shida hiyo, kwa kuwa lilitolewa na Adam Shafi. Riwaya yake ya Vuta N'kuvute ilichapishwa 1999, na kwa miaka mingi imekuwa kitabu cha fasihi cha kidato cha tano na sita. Maana yake ni kwamba katika sekondari zetu za Singida, mamia ya maili kutoka baharini, wapo vijana ambao hawajawahi kuona jahazi lakini wanamjua Yasmini aliyeozwa kwa Raza, mume mzee kwake. Wanajua alivyopokelewa na Mwajuma huko Ng'ambo ya Zanzibar, na wanaweza kubishana hadi kengele ilie kama Denge alimpenda Yasmini kuliko alivyopenda siasa. Mitihani imewalazimisha, ndiyo, lakini ubishi ule haulazimishwi na mtu.

Kuigeuza riwaya hiyo kuwa filamu kulihitaji mikono ya nje. Shivji aliandika mswada pamoja na Jenna Bass wa Afrika Kusini, na wazalishaji wa nje wakashiriki. Ikhlas Gafur Vora akawa Yasmini, Gudrun Columbus Mwanyika akawa Denge, na Siti Amina, mwimbaji wa Zanzibar, akaigiza pia. Riwaya ni nene, ina mizunguko na watu wengi. Filamu imeibana kwenye mapenzi ya wawili hao na Zanzibar ya miaka ya 1950 iliyokuwa ikichemka. Mwalimu wa fasihi atalalamika kwamba vingi vimeachwa. Mimi naona kilichobaki kinatosha, hasa kile kimya kirefu ambacho Bongo Movie ya diski isingekithubutu.

Septemba 2021 Vuta N'Kuvute ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Toronto, mji uleule ambao mwongozaji wake alisomea. Baadaye ikachaguliwa kuiwakilisha Tanzania kwenye kinyang'anyiro cha Oscar. Kabla yake nchi ilikuwa imepeleka filamu moja tu huko, Maangamizi ya mwaka 2001, ya Martin Mhando na Ron Mulvihill. Miaka ishirini kati ya ya kwanza na ya pili! Na hii ya pili imetoka kwa watu walioanza na mng'arisha viatu mmoja.

Kwa hiyo hesabu ya filamu nilizozitaja za miaka minane ya kwanza, kutoka 2013 hadi 2021, ni fupi mbili na ndefu tatu. Kwa viwango vya Kariakoo hiyo ni kazi ya mwezi mmoja wenye mvua. Lakini diski zile nyingi leo zimekwaruzwa na deki zimetupwa, na hizi tano bado zinazungumziwa.

Linalobaki kunisumbua ni barabara. Diski ya Kanumba, hata ile ya wizi, ilifika Kiomboi na Itigi. Filamu za Kijiweni zimefuata ndege kwenda kwenye matamasha, na zikirudi zinakutana na majumba ya sinema yaliyobaki katika miji michache mikubwa. Singida haimo. Vibanda vyetu navyo vimehamia kwenye mpira wa Ulaya, na vijana wanatazama vipande vya dakika moja kwenye simu. Studio haikuyasababisha haya, lakini jina lake linaibana: kijiwe hakiko Toronto.

Ombi langu kwa Kijiweni, basi, ni dogo. Chagueni Jumamosi moja ya kiangazi, baada ya mavuno ya alizeti, mlete Vuta N'Kuvute Singida mjini. Njooni na projekta na spika mbili. Shuka jeupe tunalo, viti tutaazima shuleni, na wanafunzi wa kidato cha sita watakuja na kitabu mkononi kuwauliza mmempeleka wapi Bukheti wa riwayani.