Mrefu juu ya kruza: kiti kwanza, usukani baadaye

Mtu wa sentimita 190 akijaribu Honda Rebel 500 pale dukani, mara nyingi hutoka akiwa anatabasamu. Miguu yote miwili inakanyaga chini bila shida na kiti kiko milimita 690 tu kutoka ardhini. Shida huanza barabarani, baada ya nusu saa hivi. Magoti yamepanda juu kuliko nyonga, kifandugu kinauma, na mgongo umejikunja kama wa mtu aliyekaa kwenye mbuzi ya kukunia nazi.

Kruza ni zile pikipiki ndefu zenye kiti cha chini na usukani uliorudi kuelekea kwa dereva. Wengi wakisikia jina hilo huifikiria Harley-Davidson. Kiti cha chini ni raha kwa mtu mfupi, ila kwa mrefu kinabana. Sehemu kubwa ya tatizo inarekebishika, lakini karibu kila badiliko linadai kitu kwenye kona, kwenye breki au kwenye matuta. Ndiyo maana muhimu ni kujua kipi kianze.

Kabla ya kununua chochote, ipigwe picha. Dereva avae viatu anavyoendeshea, akae kama anavyokaa safarini, mtu mmoja aishikilie pikipiki isimame wima, mwingine apige picha kwa ubavuni. Goti likionekana limekunjwa chini ya nyuzi 90, kazi iko kwenye kiti na futresti. Goti likiwa sawa lakini mikono imenyooka kabisa na mabega yamevutwa mbele, hapo ndipo usukani unapohusika.

Vya bure kwanza

Mkono wa breki na wa klachi unazungushwa kwa kulegeza bolti moja au mbili, hadi kiganja kinyooke sawa na mkono wa dereva bila kifundo kuvunjika juu wala chini. Lefa ya gia nayo inapandishwa kidogo ili kiatu kikubwa kipite chini yake bila kukwama. Ukiwa na mguu wa saizi 46, hilo peke yake linabadilisha safari.

Pedeli ya breki ya nyuma ishushwe au ipandishwe kwa uangalifu. Inabaki na mchezo kidogo kabla haijashika, na baada ya kuigusa lazima iangaliwe kama taa ya breki bado inawaka kwa wakati wake. Hapa wengi husahau, na anayelipa ni yule anayekuja nyuma.

Kiti ndiyo mchawi

Viti vingi vya kruza vimechimbwa katikati na vina ukingo nyuma ya makalio. Mtu mrefu anataka kusogea nyuma, ukingo unamrudisha. Anabaki amekaa sehemu ileile moja saa nzima, uzito wote ukiwa juu ya mfupa wa chini.

Fundi wa kushona viti anaweza kuisogeza nyuma ile sehemu ya kukalia sentimita 4 au 5 na kujaza shimo kwa sponji ngumu. Kiti kikipanda sentimita 3 hivi, goti linafunguka na nyonga pia. Mrefu ana nafasi hiyo ya kupoteza, kwa sababu miguu yake bado itafika chini. Sponji laini ni mtego: inapendeza dukani, lakini baada ya safari ndefu imelala na mtu amekaa juu ya ubao. Na fundi asikate sponji ya kiti pekee alichonacho mteja kabla ya mteja kukaa juu yake na kuweka alama.

Hili ndilo badiliko lenye faida kubwa kuliko yote na madhara madogo kwenye uendeshaji. Wanaoanza na usukani huwa wanatibu mabega wakati ugonjwa uko kiunoni.

Futresti za mbele: tamu, ila

Kusogeza futresti mbele kunanyoosha mguu mara moja. Baadhi ya kruza hutoka kiwandani hivyo, kama ilivyokuwa Harley-Davidson Forty-Eight, wakati ndugu yake Iron 883 ilikuwa na futresti za katikati. Kawasaki Vulcan S, yenye injini ya cc 649, imetengenezwa kwa wazo hilohilo la kumfuata dereva: futresti zake zina nafasi tatu, ya katikati na nyingine ya milimita 25 mbele au nyuma yake, na kuna viti na usukani wa vipimo tofauti wa kuchagua. Mtu mrefu anayetafuta kruza aanze kuangalia za namna hii, atapunguza safari za kwa fundi.

Tatizo la miguu kuwa mbele sana ni kwamba haibebi tena mwili. Futresti zikiwa chini ya magoti, dereva anajiinua kidogo tuta likija na magoti yanameza kishindo. Zikiwa mbele, hawezi, na kishindo kinaenda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Kwenye barabara kuu zilizonyooka za Marekani hilo halisumbui sana. Kwa anayetoka Morogoro kwenda Iringa, akipita kijiji baada ya kijiji chenye matuta, atalisikia. Kwake, kiti kilichorekebishwa na futresti zilizosogea kidogo tu ni bora kuliko miguu iliyonyooka kama ya mtu aliye kwenye kiti cha ufukweni.

Shokapu

Watu warefu mara nyingi ni wazito pia, na kruza nyingi zina shokapu za nyuma zenye mwendo mfupi. Nyuma ikilala, futresti zinakwangua lami mapema kwenye kona na taa ya mbele inawamulika wanaokuja. Kabla ya kununua shokapu mpya, springi zikazwe kwa ile pete ya chini, hatua moja baada ya nyingine, kwa spana yake ya ndoano. Pande zote mbili ziwe hatua sawa.

Kuweka shokapu ndefu zaidi ni jambo jingine. Nyuma ikipanda, foki za mbele zinasimama wima zaidi, na pikipiki inageuka haraka lakini inatulia kidogo ikiwa kwenye mwendo kasi. Stendi ya pembeni nayo inakuwa fupi, pikipiki inalala mno ikiegeshwa. Sentimita moja au mbili zinavumilika. Zaidi ya hapo ni kazi ya fundi anayejua anachopima.

Usukani mwisho

Vipande vya kunyanyua usukani vya sentimita 2 hadi 4 vinamtosha mrefu ambaye kiti chake kimeshapanda. Hatari iko kwenye nyaya. Usukani ukatwe hadi mwisho kulia, kisha hadi mwisho kushoto, injini ikiwa inawaka na gia ikiwa huru. Mlio wa injini ukipanda wenyewe, waya wa ekseleta umevutwa, na pikipiki hiyo isitoke hapo. Paipu ya breki nayo isikazike popote. Ikikazika inabadilishwa kwa ndefu zaidi. Bolti za usukani zikazwe kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki. Kukadiria kwa mkono hakutoshi.

Ule usukani mrefu wa mikono juu unapendeza kwenye picha tu. Mikono inakufa ganzi, na kifua kinakuwa tanga la kukusanyia upepo.

Kuhusu kioo cha mbele, kile cha urefu wa kawaida huwa kinamrushia mrefu upepo uliovurugika kwenye helmeti, kichwa kinatikiswa njia nzima. Aidha kipande ili macho yapite juu kidogo ya ukingo wake, au kitolewe kabisa. Upepo safi wa kifuani hauchoshi kama ule wa kupigwapigwa kichwani.

Badiliko moja lifanywe kwa wakati, na liendeshwe walau saa moja kabla ya jingine, halafu taa ya mbele ipimwe upya ukutani usiku. Vifaa vya mwanzo visitupwe. Kruza iliyotengenezwa kwa mtu wa sentimita 190 ni ngumu kumuuzia wa sentimita 165, na swali lake la kwanza litakuwa kiti chake cha mwanzo kiko wapi.