mwito wa dhiki
nm [u-/i-], wingi: miito ya dhiki. Taarifa itolewayo kwa redio na chombo cha majini kwamba chombo hicho au watu wake wamo hatarini na wanahitaji kuokolewa mara moja.

Matumizi: Mfasiri achague kwa makini sifa ya kuambatanisha. Mwito “wa uongo” hutoka kwa mtu aliyekusudia kudanganya. Uliotoka kwa sababu kitufe kiliguswa wakati wa usafi au majaribio ya mtambo ni mwito “wa kimakosa”. Baharia aliyefundishwa kwamba ametoa mwito wa uongo huogopa, akazima redio na kunyamaza, ilhali waokoaji wanaendelea kumtafuta. Mwongozo wa Shirika la Kimataifa la Bahari wataka kinyume chake: kosa litangazwe upesi, na kwa kawaida aliyelitangaza hachukuliwi hatua.

Kitufe cha dhiki huwekewa kifuniko ili kisiguswe ovyo, na katika redio nyingi hushikiliwa kwa sekunde kadhaa. Kwa hiyo “bonyeza” pekee haitoshi. Andika “inua kifuniko, bonyeza, shikilia”.

Tenga pia “kuzima” na “kubatilisha”. Kuzima mtambo husimamisha tu marudio ya mwito katika chaneli ya 70; waliokwisha kuupokea hawajui lolote. Kubatilisha hufanywa kwa sauti, katika chaneli ya 16:

“Vituo vyote, vituo vyote, vituo vyote. Hapa ni (jina la chombo, namba yake ya utambulisho, mahali kilipo). Nabatilisha mwito wangu wa dhiki wa (tarehe, saa).”