Jaa kwenye kiwanja chako: nani hulipa gharama ya kusafisha?

Katika mitaa mingi ya Pwani hukosi nyumba ya urithi iliyofungwa kwa miaka. Ukuta umeanguka, vichaka vimeota uani, na wapita njia wameigeuza jaa. Majirani hulalamikia mbu, panya na harufu. Hatimaye afisa wa afya ya umma huleta notisi, na hapo familia huanza kuulizana: nani atalipa?

Sheria inasemaje

Sheria kuu ni ile ya Afya ya Umma, Sura ya 242, vifungu vya 115 hadi 120. Inakataza mtu kuacha kero yenye kudhuru afya katika nyumba au ardhi yake. Kero ni pamoja na nyumba chafu au mbovu kiasi cha kuhatarisha afya, majitaka yanayofurika, na marundo ya taka. Sheria hiyohiyo inataka mwenye kiwanja afyeke vichaka na nyasi ndefu zinazofuga mbu. Tangu ugatuzi, huduma za afya za kaunti na uzoaji taka ni kazi ya serikali za kaunti.

Hatua zenyewe

Kwanza hutolewa notisi, ikitaja kero na muda wa kuiondoa. Hupewa aliyesababisha kero. Asipopatikana, hupewa mkaaji au mwenye nyumba. Kama tatizo ni la jengo lenyewe, au nyumba haina mtu, notisi humwendea mwenye nyumba.

Muda ukipita bila kazi kufanyika, afisa hupeleka malalamiko mahakamani. Hakimu anaweza kutoa amri ya kusafisha, kutoza faini na kuagiza gharama za kesi zilipwe. Amri ikipuuzwa, maafisa wanaweza kuingia, kuondoa kero wenyewe, kisha kumdai gharama mahakamani yule aliyepewa amri.

Kwa hivyo kuna pesa za aina mbili, na hazifai kuchanganywa. Gharama ya kusafisha ni malipo ya kazi iliyofanyika: vibarua, lori, mafuta. Faini ni adhabu ya kutotii. Anayejisafishia mapema huepuka zote mbili, na kwa kawaida hutumia pesa kidogo zaidi.

Nyumba bila ardhi

Mombasa kuna jambo la ziada. Watu wengi wana nyumba juu ya ardhi ya mtu mwingine na hulipa kodi ya kiwanja kila mwezi. Notisi ya uchafu humfuata kwanza aliyesababisha uchafu. Lakini kodi ya ardhi inayolipwa kaunti ni ya mwenye ardhi, na deni lake hubaki juu ya ardhi hata mtu akifa. Bila cheti cha kuonyesha kuwa hakuna deni hilo, hatimiliki haihamishwi. Ukiletewa bili, soma ni ya nini na imeandikwa jina la nani kabla ya kulipa.

Funzo kutoka Marekani

Miji mingi ya Marekani hufyeka nyasi au kubomoa gofu, kisha huandikisha gharama kama deni juu ya nyumba. Deni lisipolipwa, mwenye nyumba anaweza kuipoteza. Utaratibu huo huleta usafi, lakini una hatari yake. Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ya nchi hiyo ilitoa ripoti kuhusu mji wa Ferguson, Missouri. Ilikuta mji huo ukitegemea faini kama njia ya kupata pesa. Faini ya nyasi ndefu ilikuwa kati ya dola 77 na 102, ilhali kuna mji mwingine uliotoza dola 5 tu. Waliobeba mzigo mkubwa wa faini hizo ni wanyonge.

Haki yako

Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa jirani yako haki ya mazingira safi. Kifungu cha 47 nacho kinakupa wewe haki ya kutendewa kwa utaratibu wa haki, na kuelezwa sababu kwa maandishi uamuzi ukikuumiza. Kwa hiyo:

- Usiitupe notisi. Andika tarehe uliyoipokea na ujibu kwa maandishi ndani ya muda uliopewa.
- Kama taka zimetupwa na watu wasiojulikana, piga picha na uripoti mapema. Sheria inatambua kwamba si kila kero ni kosa la mwenye kiwanja.
- Ukiletewa bili, omba mchanganuo wa kazi iliyofanyika, na usilipe bila risiti.
- Kama nyumba bado ina jina la babu, maliza mirathi, kwa Kadhi au mahakama nyingine inayohusika. Nyumba isiyo na msimamizi hukosa wa kuifyeka, na notisi yake hukosa wa kuisoma.
- Walio ng'ambo wamteue ndugu kwa maandishi apokee barua na kutunza kiwanja.

Kufyeka uani ni kazi ya siku moja au mbili. Kesi iliyopuuzwa huweza kuwafuata warithi ambao hawakutupa hata mfuko mmoja wa taka.