Elimu ya Maji: Kutoka Delft hadi Remba

Mwaka 1957 mafunzo ya kimataifa ya uhandisi wa maji yalianzishwa Delft, Uholanzi, na wataalamu wa nchi zinazoendelea wakafunzwa huko kwa Kiingereza. Tanzania ilianzisha Chuo cha Maji mwaka 1974; na mwaka 1977 mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Mar del Plata, Argentina, ulihimiza mafunzo zaidi. Hata hivyo, kisiwani Remba, Ziwa Viktoria, wakutanapo wavuvi wa Kenya, Uganda na Tanzania, maji yamezunguka pande zote ilhali yaliyo salama ni haba. Wachotaji huelewana kwa Kijaluo na Kiswahili. Mhandisi akikosa istilahi za kuwaelezea vijidudu na uchujaji, ujuzi wake huishia ofisini, haufiki mtungini.